Kani ya goti na kisigino kutoka video ya simu: namna ya kuikadiria kiwanjani

Maabara za michezo zina bamba linalofukiwa sakafuni na kusoma jinsi mguu unavyosukuma ardhi. Ukiwa Nyamagana au Kirumba, viwanja vyetu vya Mwanza, hulipati, na kwa kazi nyingi za kocha hulihitaji. Simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde, mizani, na tepu ya fundi vinatosha kujibu maswali mawili: mchezaji anasukumana na ardhi kwa kani kiasi gani, na goti au kano ya kisigino inabeba kiasi gani. Swali la kwanza hujibika vizuri. La pili hujibika kwa namna ya "si chini ya hapa", na hapo ndipo watu wengi wanapotoa namba zisizo sahihi.

Mwongozo huu unatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mchezaji wa netiboli mwenye kilo 62.

Vifaa

Tafuta stendi ya simu, timazi, pima maji, tepu ya mita 5, plasta nyeupe, na bomba la plastiki la mita 2 lililochorwa alama kila nusu mita. Kwenye kompyuta weka programu ya kubofya na kupima mwendo kwenye video: Kinovea (ya Windows) au Tracker (inakubali Windows, Mac na Linux). Zote ni za bure. Kwa hesabu, Excel inatosha.

Mizani ihakiki kabla ya kuiamini, maana zile za bafuni hulegea. Panda, soma. Panda tena ukiwa umekumbatia chupa 12 za maji za lita moja na nusu ambazo hazijafunguliwa. Tofauti iwe kilo 18 na kidogo, hicho kidogo kikiwa plastiki yenyewe. Ikisoma 16, azima mizani nyingine. Kosa la uzito huingia moja kwa moja katika kila namba utakayotoa baadaye.

Mchapuko (kiasi ambacho kasi hubadilika kila sekunde) wa mvutano wa dunia kwa Mwanza tumia 9.78, si 9.81 ya vitabuni. Tuko karibu na ikweta, na uso wa ziwa wenyewe uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Tofauti ni sehemu 3 katika 1,000 tu, haitakuokoa wala kukuangamiza, lakini hakuna sababu ya kubeba kosa unalolijua.

Kamera

Simu ikae mita 8 au zaidi kutoka mstari wa mchezo, kimo cha nyonga, na lenzi itazame mstari huo kwa pembe mraba. Wengi husogea mita 3 ili mchezaji ajae kwenye kioo. Hapo ndipo mambo huharibika: akikanyaga sentimita 30 mbele ya mstari, kwa mita 3 ukubwa wake kwenye picha hukosea kwa asilimia 10, kwa mita 8 hukosea chini ya 4. Chora mstari kwa chaki au kamba na umwambie asiuache.

Bomba la kipimo lisimamishwe juu ya mstari uleule, si pembeni kwenye posti ya goli kwa sababu tu posti iko hapo. Lirekodi sekunde chache, kisha litoe. Ning'iniza timazi ndani ya picha pia. Simu ikilala nyuzi 3 tu, mtu anayekimbia mita 4 kwenye kiwanja tambarare ataonekana kama amepanda sentimita 21, na hesabu ya wima yote itapotoka. Viwanja vingi vya kwetu vimechongwa ubavuni mwa vilima vya mawe, kwa hiyo usiamini ardhi. Amini uzi wa timazi.

Mchana upepo wa ziwani huanza kusukuma. Funga mfuko wenye jiwe la kilo 3 au 4 katikati ya stendi. Mawe hayajawahi kuadimika Mwanza.

Mwanga una mambo mawili. Kwanza, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa fremu moja: iweke 1/1000 ya sekunde au fupi zaidi. Mguu wa mkimbiaji ukipita kwa mita 8 kwa sekunde, shata ya 1/240 huupaka kwenye picha kwa sentimita 3.3, shata ya 1/1000 huupaka milimita 8. Huwezi kubofya katikati ya kifundo ambacho kimekuwa wingu. Pili, saa ya kurekodi: kwa sababu tuko magharibi mwa majira tunayotumia, jua hufika utosini karibu saa saba kasorobo, na hapo kivuli huficha magoti. Rekodi kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, jua likiwa mgongoni mwa mpigapicha. Ukumbini taa za umeme wetu wa hezi 50 humeta mara 100 kwa sekunde, na kwa fremu 240 picha itawaka na kuzima. Toka nje.

Hakikisha saa ya simu

Video ya mwendo wa polepole mara nyingi huhifadhiwa kama faili la fremu 30 kwa sekunde. Programu isipoambiwa kwamba kamera ilichukua 240, itadhani kila kitu kilichukua muda mara 8 ya ukweli. Mchapuko hugawanywa kwa muda mara mbili, kwa hiyo utatoka mdogo mara 64. Katika Kinovea kuna sehemu ya mpangilio wa muda wa video: andika hapo fremu halisi za kamera.

Halafu kuna simu zinazojisifu. Zinarekodi 120 na kurudia kila fremu ili zionekane 240. Jaribio lake ni rahisi: angusha jiwe la ukubwa wa limau kutoka mita 2 kamili, ukilirekodi kwa mpangilio uleule wa mchezo. Linapaswa kuchukua sekunde 0.64, yaani fremu 153 au 154. Ukihesabu karibu 77, simu yako ni ya 120. Ukihesabu 153 lakini jiwe linasimama kila fremu ya pili, fremu zimerudiwa. Fremu ya kuachia ina utata wa mbili tatu hivi, usihangaike nayo.

Alama mwilini

Kwa mwonekano wa pembeni unahitaji alama sita: bega, nundu ya mfupa wa paja pembeni mwa nyonga, upande wa nje wa goti, nundu ya nje ya kifundo, kisigino, na mwanzo wa kidole kidogo. Plasta nyeupe ya sentimita 2 huonekana vizuri kwenye ngozi yetu. Usibandike juu ya bukta. Nguo huteleza sentimita kadhaa mtu anapochuchumaa, nawe utapima mwendo wa kitambaa. Nundu ya nyonga tafuta kwa kidole huku mchezaji akizungusha mguu ndani na nje: itakugusa ikizunguka. Jasho likianza, bandika upya.

Mchezaji akiwa chini ya miaka 18, mzazi aridhie kabla ya kurekodi.

Kuruka na kutua

Anza hapa, kwa sababu hapahitaji kubofya alama nyingi. Mikono kiunoni. Tafuta fremu ya kwanza ambayo vidole vimeacha ardhi na fremu ya kwanza ambayo vimegusa tena. Mchezaji wetu: fremu 412 na fremu 532. Hizo ni fremu 120, yaani sekunde 0.5 hewani.

Kimo = 9.78 × 0.5² ÷ 8 = mita 0.306.

Ukikosea fremu moja kila upande, kimo kitakuwa kati ya sentimita 29.6 na 31.6. Sasa fanya vivyo hivyo kwa video ya fremu 30: makosa yaleyale ya fremu moja kila upande yanakupa kati ya 23 na 39. Hapo ndipo thamani ya fremu nyingi ilipo. Angalia pia miguu: mchezaji akikunja magoti kabla ya kugusa chini, atabaki hewani zaidi na kimo kitaongezeka kwa uongo. Mwambie atue miguu ikiwa imenyooka kama alivyoruka, kisha akunje.

Kani ya kutua. Pima nyonga inashuka kiasi gani kutoka mguso wa kwanza hadi chini kabisa. Tuseme sentimita 28. Uzito wake ni 62 × 9.78 = nyutoni 606.

Kani ya wastani = uzito × (kimo ÷ mshuko + 1) = 606 × (0.306 ÷ 0.28 + 1) = takriban nyutoni 1,270.

Mwambie sasa atue akiwa mkakamavu. Nyonga ikashuka sentimita 12 tu: kani ya wastani inakuwa nyutoni 2,150. Mruko ni uleule na mwili ni uleule, ila kani imepanda kwa karibu asilimia 70. Kwa kocha namba hii ina faida kuliko zote zilizomo humu, na inapatikana kwa dakika tano.

Lakini ni wastani. Kilele cha kani wakati kisigino kinapogonga hudumu milisekunde chache na kiko juu ya wastani huu. Video ya simu haikioni. Yeyote anayekuonyesha kilele cha kutua kilichotoka kwenye simu moja, muulize alikitoaje.

Kukimbia

Kwa mkimbiaji wa kasi isiyobadilika, hesabu fremu ambazo mguu uko chini na fremu ambazo miguu yote iko hewani. Chukua hatua 6 hadi 10, upate wastani, kwa sababu kushoto na kulia hutofautiana. Mchezaji wetu: chini fremu 48 (sekunde 0.20), hewani fremu 29 (sekunde 0.12).

Ukiuchukulia mguu kama springi, kani ya kilele ni uzito × 1.57 × (hewani ÷ chini + 1). Kwake: 606 × 1.57 × 1.6 = takriban nyutoni 1,530, yaani uzito wake mara 2.5. Hiyo 1.57 ni nusu ya pai. Hutokana na kudhani kwamba kani hupanda na kushuka kama wimbi laini, dhana inayofaa katikati ya mguso na isiyofaa mwanzoni kisigino kinapogonga. Usitumie hesabu hii mtu anapoanza mbio, anapokata kona au anapofunga breki. Mchangani kando ya ziwa usiitumie kabisa: mguu huzama na huwezi kujua mguso ulianza fremu ipi.

Ukihitaji mchapuko wenyewe

Hesabu za juu zinakwepa mchapuko kwa makusudi. Ukitaka kani ya kila fremu, inabidi ufuate alama, upate kitovu cha uzito, kisha utoe mchapuko kutoka mahali. Hapo kelele, yaani makosa madogo madogo ya kubofya, hugeuka adui.

Tuseme kila alama uliyobofya ina kosa la milimita 1, jambo ambalo ni ukarimu, kwa sababu kwenye video ya upana wa pikseli 1,280 inayoonyesha mita 4, pikseli moja pekee ni milimita 3. Ukikokotoa mchapuko moja kwa moja kutoka fremu tatu mfululizo, kosa la milimita 1 huzaa kosa la karibu 9 (mita kwa sekunde kwa sekunde) kwa fremu 60. Kwa fremu 240 huzaa 141. Ndiyo: fremu nyingi zaidi, kelele kubwa zaidi, kwa sababu unagawanya kwa muda mfupi uliozidishwa kwa wenyewe. Wengi hushangaa hapa na kudhani programu imeharibika.

Dawa ni kuchuja mahali kabla ya kutafuta mchapuko. Kichujio cha Butterworth (hesabu inayofuta mitetemo ya haraka na kuacha mwendo wa polepole) kinachopitishwa mbele na kurudi nyuma ndicho cha kawaida, kikikata kati ya hezi 6 na 12 kwa kukimbia na kuruka. Kinovea huchuja yenyewe. Tracker haifanyi hivyo, kwa hiyo toa data na uchuje nje. Jaribu hezi 8, 10 na 12. Kilele kikibadilika sana kati ya hizo tatu, hicho kilele ni cha kichujio, si cha mchezaji. Usikiripoti.

Kitovu cha uzito hupatikana kwa mafungu ya mwili: kichwa, mikono na kiwiliwili pamoja asilimia 67.8, kila paja 10, kila muundi 4.65, kila wayo 1.45. Kitovu cha paja na cha muundi kila kimoja kiko asilimia 43.3 ya urefu wake kutoka juu. Namba hizi zina mizizi katika kazi ya Dempster ya mwaka 1955, iliyotumia miili 8 ya wanaume Wazungu wenye umri mkubwa huko Marekani. Binti wa miaka 19 wa Igoma si mmoja wao. Je, inadhuru? Mguu ukiwa chini, kidogo sana: hata muundi ukikosewa kwa asilimia 20, ni nyutoni 6 hivi kati ya mamia. Mguu ukiwa hewani unazungushwa, uzito wa muundi ndio karibu kila kitu, na kosa hilo huonekana lote.

Kuna ukaguzi wa bure ambao usiuache. Mtu akiwa hewani, kitovu chake cha uzito lazima kishuke kwa mchapuko wa 9.78, apende asipende. Chora mkunjo wa kimo chake hewani, uupatanishe na parabola, usome mchapuko. Ukipata kati ya 9.5 na 10, endelea. Ukipata 9.0, bomba la kipimo halikuwa kwenye mstari. Ukipata 2.4, saa imekosewa mara mbili: simu ni ya 240 nawe uliandika 120.

Kutoka ardhini hadi gotini

Rudi kwenye kutua laini. Nyutoni 1,270 kwa miguu miwili ni 635 kwa kila mguu, mradi anatua sawasawa. Simamisha fremu ya katikati ya mshuko. Kisigino kikiwa chini, chukulia kani inaingia katikati ya wayo na chora mstari wima kutoka hapo. Pima umbali wa ulalo kutoka mstari hadi alama ya goti. Tuseme goti liko sentimita 10 mbele.

Momenti (nguvu ya kuzungusha, kani mara umbali) ya ardhi kwenye goti ni 635 × 0.10 = 63.5. Punguza mchango wa uzito wa muundi na wayo: nyutoni 37 zilizo nyuma ya goti kwa sentimita 5 hivi, karibu 2. Inabaki takriban 61.5 nyutoni-mita, nayo lazima izuiwe na msuli wa mbele wa paja kupitia kano ya goti.

Hapa ndipo pa kuwa macho. Kani ya jumla kwenye goti, ile inayotolewa na hesabu ya kawaida ya kurudi nyuma kutoka mwendo, ni 635 kutoa 37, karibu nyutoni 600. Haifiki hata uzito wake. Watu huiandika kama "mzigo wa goti" na kumaliza. Lakini kano ya goti huvuta kwa mkono (umbali wa kani kutoka katikati ya kiungo) wa sentimita 4 hivi, ilhali ardhi inasukuma kwa mkono wa sentimita 10. Kano inavuta 61.5 ÷ 0.04 = takriban nyutoni 1,540, na mvuto huo unabana mfupa wa paja dhidi ya muundi. Jumlisha: mifupa inabanana kwa takriban nyutoni 2,100, uzito wake mara tatu na nusu, kwenye goti moja. Tumechukulia kani zote zinaelekea karibu sambamba na muundi. Misuli ya nyuma ya paja ikikaza pia, kama inavyofanya kwa mtu anayeogopa kuanguka, mbano unapanda na video haionyeshi. Ndiyo maana tunasema "si chini ya hapa".

Angalia pia sehemu dhaifu ya hesabu: tulikisia mahali kani inapoingia wayoni. Ukikosea sentimita 2 tu, momenti inabadilika kwa 12.7, yaani moja ya tano. Kwa hiyo linganisha mchezaji na yeye mwenyewe, siku na siku, mkao na mkao, dhana zikiwa zilezile. Usilinganishe wachezaji wawili kwa tofauti ya asilimia 10.

Kwa kano ya kisigino mtindo ni uleule. Katikati ya hatua ya mkimbiaji, kani ya 1,530 ikiingia kwenye sehemu nene ya wayo nyuma ya vidole, sentimita 12 mbele ya kifundo, momenti ni karibu 184. Kano inavuta kwa mkono wa sentimita 5: takriban nyutoni 3,700, uzito mara 6, kila hatua. Mkono wa kano hutofautiana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo upime kutoka nundu ya kifundo hadi katikati ya kano, usikariri.

Kitu kimoja ambacho kamera ya pembeni haitakuambia ni goti kuingia ndani wakati wa kutua, na kwa netiboli ndicho kinachotia wasiwasi zaidi. Weka simu ya pili mbele. Itakuonyesha kama linaingia, na kwa pembe kiasi gani kwenye picha. Isigeuzwe kuwa momenti.

Simu mbili na modeli ya misuli

OpenCap, iliyotoka chuo kikuu cha Stanford, hutumia iPhone au iPad mbili au zaidi na kutoa mwendo wa pande tatu bila alama mwilini, kisha modeli ya OpenSim, programu ya kuiga mifupa na misuli, hukisia kani za misuli. Video huchakatwa kwenye seva, kwa hiyo bando liwe la kutosha. Makosa ya kwanza ya wengi hutokea dukani: karatasi ya miraba kama ubao wa drafti inayotumika kupatanisha kamera huchapwa na mashine iliyowekwa "ijaze ukurasa", na miraba inapungua. Pima mraba mmoja kwa rula kabla ya kulipa. Kisha ibandike kwenye kioo au ubao ulionyooka. Karatasi iliyojikunja kwa unyevu huleta kosa ambalo hutaliona mpaka uone mchezaji wako akielea sentimita tano juu ya kiwanja.